Hisabati ya Nthenya, Darasa la Sita

Mara ya kwanza Mzee Mulwa aliposimama mbele ya vitabu vyangu, nilidhani ni askari wa kanjo, wale wa jiji wanaotufukuza, aliyevaa kiraia. Shati lake lilikuwa limenyooshwa na kufungwa mpaka kifungo cha shingoni, na viatu vyake viling'ara hadi nikaona haya kwa ajili ya malapa yangu. Alilitazama turubai langu lote, kutoka upande wa riwaya hadi upande wa vitabu vya shule, bila kugusa kitu. Kisha akainama, akasema anatafuta kitabu cha hesabu.

"Ya darasa gani, mzee?"

"La sita. Lakini ndani si hesabu. Ndani iko na hadithi ya mtu amebeba cherehani."

Nikamwangalia tena. Ukiuza vitu kando ya njia katikati ya jiji unakutana na watu wa kila namna, na wengine wameacha dawa zao nyumbani. Nikamwonyesha hesabu ziliko, nikamwambia cherehani zinauzwa mtaa wa pili. Hakukasirika. Alichuchumaa kwa taabu, magoti yakalia, akaanza kufunua vitabu vya hesabu kimoja baada ya kingine, na kila alichofunua alikuta hesabu.

Watu wa kona yetu wananijua kwa mdomo. Naitwa Wangui, nauza vitabu vya mtumba nyuma kidogo ya Barabara ya Moi, na sina subira na mtu anayeshika kitabu, akakisoma nusu nzima amesimama, kisha akakirudisha kimelowa jasho la vidole. Huyo mzee sikumfukuza. Pengine ni kwa sababu kila alichokifunua alikirudisha mahali pake, mgongo juu, vile vile nilivyokuwa nimekipanga. Alipomaliza alishukuru, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata akarudi na shati jingine lililonyooshwa, akauliza kitu kile kile.

Habari zake nilizipata vipande vipande, Jumamosi baada ya Jumamosi, lakini nitazisimulia kwa mpangilio kwa sababu mimi mwenyewe zilinichanganya.

Lazarus Mulwa alikuwa fundi wa lifti. Alitoka Mwingi akiwa kijana, akaajiriwa na kampuni iliyotunza lifti za majengo ya katikati ya jiji, na humo ndimo alimozeekea. Kama umewahi kupanda ghorofa ndefu kwenda kuomba kazi au kufuatilia hati ya shamba, huenda ulining'inia kwenye waya aliokaza yeye. Kazi yake aliifanya kwa masikio. Alisimama chini, akafumba macho, akaisikiliza lifti ikipanda tupu na kushuka tupu, halafu akawaambia wenzake ni beringi ipi ya gurudumu inalalamika. Ni mara chache alikosea. Na kwa kuwa maisha hayana adabu, nyumba aliyopanga na mkewe kule Kileleshwa ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti.

Mkewe aliitwa Nthenya, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Dagoretti. Mulwa hakusoma kitu ila michoro ya nyaya. Nthenya alisoma vyote vilivyopita mbele yake: riwaya, historia, maisha ya watu waliokufa bila kuachiwa hata kichochoro chenye jina lao. Hakupenda vitabu vipya. Alisema vipya tayari vina watu wa kuvizungumzia. Aliokota vya zamani maktaba za shule zilipofungwa, akavinunua kwa wachuuzi wa njiani, na inaniuma kufikiri kwamba huenda aliwahi kuchuchumaa mbele yangu nikamfokea.

Sasa sikiliza jambo la kaki. Kila Januari, kama ilivyo katika kila nyumba ya Kenya yenye mtoto wa shule, meza ya chakula ya Nthenya ilijaa mkasi, gundi, karatasi za kaki na magazeti ya mwaka uliopita, ili vitabu vya mtoto vivikwe majalada visichakae. Alipomaliza vya mwanawe Kitheka, aliendelea na vyake mwenyewe. Walimu wenzake walikuwa wepesi wa kuazima na wazito wa kurudisha, kwa hiyo juu ya kila kaki aliandika, kwa mwandiko wake mnene wa ubaoni, maneno yale yale: Hisabati, Darasa la Sita. Hakuna mwalimu aliyewahi kuazima hisabati ya darasa la sita ili apitishe nayo wikendi. Rafu ya sebuleni ilijaa hisabati kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakikupotea hata kitabu kimoja.

Kitheka alipoenda shule ya bweni, nyumba ilinyamaza mno, na hapo ndipo Nthenya alipoanza kumsomea mumewe. Mulwa alirudi jioni na grisi kwenye kucha, akaketi upande wake wa kochi, akafumba macho. Nthenya alianza kwa sauti ya darasani, kisha sauti ikashuka. Kila baada ya muda alikatiza akauliza, "Umelala?" Mulwa akajibu bila kufumbua macho, "La, nasikiliza." Naye akaendelea. Ukimwuliza Mulwa ndoa yao ilikuwa ya namna gani, atakusimulia hayo tu, na atashangaa ukitaka mengine.

Kitabu cha mwisho kilikuwa cha Kivuva. Mulwa alinisimulia mara nyingi hata nikakijua kama nimekisoma. Kivuva alikuwa karani wa stesheni ndogo ya reli, mahali pakavu ambapo treni ilisimama kwa kulazimika. Siku moja ikashushwa cherehani iliyoandikwa jina la Sabina, na Sabina alikuwa amehama. Sheria ya reli ilitaka irudishwe. Kivuva akaifunga kwenye baiskeli, akaenda kumtafuta mwenyewe. Alivuka mto uliofurika. Akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Akafungwa kwa kuacha kazi ya serikali, akatoka, akaikuta cherehani ikitumiwa na mke wa bwana jela, akaitwaa tena kwa ujanja ambao Mulwa akiusimulia alicheka mpaka akafuta macho. Mwishowe akafika mji fulani, mtaa wa watu wa reli, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Akatua mzigo. Akabisha. Akasikia nyayo ndani zikija.

Hapo Nthenya alifunga kitabu, akasema amechoka. Alikuwa mgonjwa tangu mvua za masika, na mvua zilikuwa zimekwisha kitambo. Asubuhi yake alipelekwa hospitali, na kwenye lile kochi hakurudi tena.

Walimzika nyumbani Mwingi. Mulwa alibaki huko kwa muda na watu wake, na Beryl, mke wa Kitheka, akatangulia Kileleshwa kuipanga nyumba, ili mzee asije akapokewa na nguo na dawa za marehemu. Alifanya kwa moyo safi. Alipofika kwenye rafu aliona vitabu vya hesabu vya mtaala uliokwisha kufutwa, vimevikwa kaki, vya mwalimu aliyefariki. Nani hufunua hesabu kuona kama kweli ni hesabu? Akamwita mtu wa mkokoteni anayenunua karatasi kuukuu kwa kilo, wakavipakia vyote. Rafu akaipangusa, akaweka picha ya Nthenya na maua ya plastiki.

Mulwa alirudi akaikuta hivyo. Beryl akamwuliza kama amependa, naye akamjibu amefanya vizuri sana, mama. Mpaka leo Beryl hajui.

"Mimi nataka tu kujua nani alifungua hiyo mlango," Mulwa aliniambia siku aliyomaliza kunieleza. "Nikishajua, sitakusumbua tena."

Hakujua jina la kitabu, wala la mwandishi, wala rangi ya jalada lililo chini ya kaki. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Kwa hiyo ilibidi afunue kila kitabu cha zamani nilicholeta na kusoma ukurasa wa kwanza akitafuta stesheni.

Vitabu vyangu vingi vinatoka Lavington, mtaa wa matajiri. Mwenye nyumba akifariki, watoto wanakuja kutoka nje, wanauza samani, wanagawana picha, na vitabu vinasukumwa getini kwenye maboksi. Mlinzi ananipigia simu. Katikati ya vile vinavyouzika huwa kuna vitabu ambavyo hakuna mtu wa jiji hili anavitaka. Vijana wananunua vya kutajirika haraka, wazazi wananunua vya shule, na hivi vingine navibeba kwenda na kurudi mpaka mgongo unanilaani. Mulwa akawa mtu wa hivyo. Alikuwa anasoma ukurasa wa kwanza, hakuna stesheni, lakini badala ya kukirudisha akafunua wa pili. Kidogo kidogo akaanza kwenda navyo nyumbani.

Nikapata mtu wa kunipa habari za mzigo wangu mwenyewe. Kulikuwa na historia ya mji mdogo wa mpakani iliyoandikwa na karani wa posta ambaye, Mulwa alisema, alikuwa na ugomvi na kila mkazi wa mji ule na aliandika kitabu kizima ili kuwashinda. Kulikuwa na maisha ya mkunga mmoja wa misheni, yaliyoandikwa na mjukuu wake na kupigwa chapa mara moja tu. Kulikuwa na riwaya ya mapenzi ambayo kurasa zake za mwisho zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani, maana yake hakuna aliyewahi kufika kule. Mulwa alizikata kwa kisu chake cha nyaya. Akaja kuniambia kwamba wale wawili walioana, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kupata habari.

"Hawa watu wamekaa humo ndani miaka yote," alisema akimshika yule mkunga, "na hakuna mtu amewasalimia."

Lakini usidhani vitabu vilimponya. Kila Jumamosi alianza kwa kuuliza cherehani, na kila Jumamosi nilitikisa kichwa, na kila mara mabega yake yalishuka kama ndiyo kwanza asikie. Alikuwa mpweke, na hakuuficha upweke wake wala kuupamba. Alipika ugali wa watu wawili kwa sababu mkono haukujua kupima wa mmoja. Kilichomsumbua zaidi ni masikio. Nyumba ina sauti nyingi sana, aliniambia: jokofu linaguna, bomba la ghorofa ya juu linapiga kohozi, kufuli la jirani linahitaji mafuta. Mtu akiwamo ndani husikii hayo yote. Akiondoka, yanakuja yote kwa pamoja.

Mimi mwenyewe kwangu Dagoretti napokewa na redio. Mume wangu alikula kona zamani asirudi, watoto wameolewa, na siku za Jumapili huwa nasugua sufuria ambazo tayari ni safi. Nilianza kuingoja Jumamosi. Wiki moja mvua ilinyesha na Mulwa hakufika, nikawagombeza wateja wawili bila kosa.

Karatasi kuukuu za upande wetu, kutoka Kileleshwa mpaka Kawangware, nyingi zinaishia kwenye yadi ya Muigai, si mbali na machinjio ya Dagoretti. Nyingine zinakwenda kiwandani kusagwa, nyingine zinakwenda kufungia nyama na njugu. Nilikuwa nimemwuliza Muigai tangu mwanzo kuhusu mzigo wa hesabu uliovikwa kaki. Alinijibu bila kuinua macho kwamba mzigo wa wakati ule ulikwisha kuwa karatasi ya chooni. Sikumwambia Mulwa neno hilo.

Basi siku moja nilikwenda kwa Muigai kuchagua vitabu kabla lori halijaja. Yeye mwenyewe alikuwa mahali pake pa kila siku, kando ya mizani, ameketi juu ya gunia lililofungwa kamba. Akainuka kunipimia nilivyochagua. Gunia lilikuwa limebonyea katikati na kuchanika pembeni, na kwenye tundu nikaona kaki. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope. Nikaingiza vidole, nikavuta, na mwandiko mnene wa ubaoni ukatoka: Hisabati, Darasa la Sita.

Muigai alisema lile si gunia la kuuza, lile ni kiti chake, vitabu vyenye majalada magumu havizami kama magazeti. Nilimwambia maneno ambayo mtu wa kanisa hapaswi kuyasema karibu na mizani. Nikamwachia kiti cha plastiki nilichokwenda kukinunua dukani kwa jirani, nikaondoka na gunia kwa mkokoteni.

Nyumbani nilivifunua vyote sakafuni. Chini ya hisabati kulikuwa na riwaya, kulikuwa na historia za watu wa pwani na wa bara, kulikuwa na maisha ya masista, wakimbiaji, machifu waliosahauliwa hata kwao. Vingine sijawahi kuviona katika kazi hii yangu yote. Na karibu na chini kabisa nikafungua kimoja chembamba, ukurasa wa kwanza, na treni ikasimama kwa kulazimika kwenye stesheni ndogo mahali pakavu. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Ningekipeleka hivyo hivyo. Lakini nami nilikuwa nimesubiri mlango ule karibu mwaka mzima. Jumapili baada ya kanisa nikaketi, nikakisoma chote.

Cherehani ilifika, Sabina alikuwa amehama, Kivuva akafunga mzigo kwenye baiskeli. Kila neno lilikuwa vile vile Mulwa alivyonisimulia. Kisha akafika kwenye mto uliofurika, akaingia, maji yakamfika kifuani, cherehani ikamvuta, na Kivuva akazama. Ukurasa uliofuata ulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: MWISHO.

Nikatafuta sehemu ya pili ndani ya gunia. Haikuwapo. Nikarudi nikahesabu kurasa kuona kama zimechanwa. Hazikuchanwa. Hakuna mashamba ya mkonge. Hakuna jela wala mke wa bwana jela. Hakuna mlango wa kijani.

Hapo nikaelewa. Nthenya alikuwa amekimaliza kitabu kile zamani, mwanzoni kabisa mwa ugonjwa wake. Kivuva alipozama, Nthenya alikataa. Akamvusha. Jioni iliyofuata akafungua kurasa zilizokwisha kusomwa, akaendelea kumsomea mumewe maneno ambayo hayakuandikwa na mtu, na ya kesho yake vivyo hivyo, masika yote na baada ya masika, huku ugonjwa ukimmaliza. Na fundi aliyesikia beringi akiwa chini ya jengo alifumba macho, asigundue kitu.

Nilikaa na kitabu kile magotini mpaka chai ikapoa. Nilifikiri kumwambia Mulwa sikukipata. Nilifikiri kuuchana ule ukurasa wa mto, nimwambie ni kazi ya panya; niliushika kabisa kwa vidole viwili. Mtu alikuja kwangu akiwa na mlango mmoja tu wa kufunguliwa duniani, nami nimpe kitabu kinachosema mlango wenyewe haupo. Nililia, nakuambia. Mwishowe nikakivika kaki yake tena. Mwandiko ulikuwa wa mkewe. Sikuwa na haki nao.

Jumamosi nilimpa mkononi. Alipoona maandishi hakukifungua. Aliweka kiganja juu ya kaki, akaacha kiganja pale. Kisha akaniuliza kama nimesoma. Nikamwambia nimesoma, na asome mwenyewe polepole. Alinitazama kwa muda, akiwa ameinamisha sikio kidogo upande wangu, nafikiri alisikia kitu. Akaenda bila kugusa kitabu kingine.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili. Niliuza vitabu huku nikitazama viatu vya wapita njia, nikijiambia Wangui umemuua mzee wa watu.

Alipokuja, shati lilikuwa limenyooshwa. Aliketi juu ya boksi langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kivuva alikufa kwa mto," akasema.

"Niliona, mzee."

"Mlango hakuna."

"Hakuna."

Watu walipita, muuza soksi akapita, jamaa mmoja akauliza bei ya kamusi nikamwambia arudi baadaye. Mulwa alikuwa anaitazama mikono yake.

"Nilikuwa nasikia kurasa," akasema. "Hazikuwa zinaenda sawa. Mara haraka haraka, mara kimya. Nikasema ni ugonjwa, mikono imechoka. Lifti ikilia hivyo, Wangui, mimi huyu ningeisimamisha."

Nikamwambia Nthenya hakutaka kusimamishwa. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Sasa nani anajua nani alifungua?"

Nilitamani kumtuliza. Lakini uongo ungesikika. "Hakuna mtu anajua, mzee," nikasema. "Hiyo hadithi imebaki na wewe peke yako."

Akasimama, akajifuta vumbi. Hakuuliza kama kuna mzigo mpya. Nilimtazama akiishia kwenye umati wa watu, na nikajua kwamba hiyo sababu ya kuja kwangu imekwisha.

Vile vitabu vingine vya gunia vilikuwa bado kwangu. Vilikuwa vyake, na pia nilitaka kumwona, wacha niseme ukweli. Jumapili moja mchana nikavitia kwenye mikoba miwili, nikaenda Kileleshwa. Mlinzi alinielekeza. Nilipanda ngazi zile nikipumzika kila kona, nikiwalaani waliojenga jengo refu hivyo bila lifti.

Nilipofika juu nilisikia sauti. Nikafikiri ana wageni, nikafurahi. Dirisha la sebule linalotazama veranda lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, pazia limevutwa nusu. Mulwa alikuwa peke yake. Hakuwa ameketi upande wake wa kochi. Alikuwa upande wa mkewe, ule wa karibu na taa, na uso ameuelekeza kwenye nafasi yake mwenyewe ya zamani, ambayo haikuwa na mtu. Kitabu chenye kaki kilikuwa magotini pake, kimefungwa. Kidole gumba kilikuwa kinasugua ukingo wa kurasa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma.

Kivuva alikuwa bado mbele ya mlango wa kijani. Nyayo zilikuwa bado zinakuja. Mulwa alisema kwamba ukumbi wa nyumba ile ulikuwa mrefu kuliko kawaida ya nyumba za reli, na anayekuja alikumbuka sufuria motoni, akarudi kuishusha. Kisha alitafuta ndara zake. Moja ilikuwa chini ya kitanda. Kivuva nje alisikia yote, alisema Mulwa, hata ile ndara ilivyoburutwa, na wala hakuwa na haraka, kwa sababu mtu aliyembebea mwingine cherehani njia yote ile anaweza kungoja.

Mkono wangu ulikuwa umeinuliwa kubisha. Nikaushusha. Nikatua mikoba taratibu ili hesabu za Nthenya zisigonge sakafu, nikaketi kwenye ngazi ya mwisho.

Ndani, Mulwa alinyamaza.

"Umelala?" akauliza.

Jokofu liliguna. Bomba la ghorofa ya juu likapiga kohozi. Alisubiri muda unaotosha mtu kujibu, kisha akaendelea kusoma.